Kongamano Shambani kwa Mama Skola

Siku tuliyomzika Dokta Ponsiano, mwalimu wetu wa chuo, msoma wasifu wa marehemu alifika mahali akainua sauti na kutangaza kwamba marehemu ndiye aliyeiletea Ufipa kongamano lake la kwanza la uendelevu, na kwamba kongamano lile lilifana sana. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai upande wa akina mama, na nilijikuta nimeyauma meno mpaka taya likaniuma. Likafana! Niligeuza shingo kumtafuta Maulidi upande wa wanaume, na yeye alikuwa ameshanitazama, kiganja mdomoni, mabega yanamtikisika, mtu mzima mwenye malori yake anacheka msibani. Nikamkunjia uso. Nilidhani hasira yangu imezeeka pamoja na mimi, kumbe ilikuwa imekaa palepale nilipoiacha mwaka wa tatu wa chuo, haijapungua hata chembe. Mungu amlaze Dokta mahali pema. Nilimpenda, na machozi niliyomlilia yalikuwa ya kweli. Lakini kongamano lile halikufana, na kama msoma wasifu hajui, basi mimi najua, na nimechoka kulibeba peke yangu.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba Mazwi, kimoja, dirisha lake limeelekea upande upepo unakotoka, kama vile fundi alikuwa na ugomvi na mpangaji. Ukifika mwezi wa sita baridi ya Sumbawanga haikuulizi umevaa nini. Nililiziba dirisha kwa salfeti la unga, nikalala na sweta, soksi na kitambaa kichwani, na bado asubuhi vidole vilikuwa havishiki kalamu. Ukuta kati yangu na mwenye nyumba ulikuwa mwembamba, kwa hiyo kila jioni nilisikia habari zangu mwenyewe kwa Kifipa, mwenye nyumba akizungumza na jirani yake huku wanachambua maharage, wakidhani binti wa chuo ameisahau lugha ya kwao. Mtoto wa watu anasomeshwa mpaka macho yanaharibika, walisema, na ukimuuliza anasomea nini, anasomea nyasi. Jirani akauliza kama kuna kazi ya nyasi serikalini. Mwenye nyumba akasema labda, maana serikali haikosi kazi. Nilikuwa nawasikiliza huku nakula ugali na dagaa wa ziwani.

Maulidi alikuwa mwenzangu wa utafiti, kwa sababu Dokta alitupanga kwa kufuata mahudhurio na siku hiyo tulikuwa tumekaa benchi moja. Alitoka kwenye moja ya familia za wafanyabiashara wa mjini, watu wa maduka na magari ya mizigo, na jembe alikuwa analijua kama bidhaa, bei ya jumla na ya rejareja. Alikuja kwangu kila Ijumaa baada ya swala, na pikipiki ya kaka yake na hotpoti ya pilau kutoka kwa mama yake, na maneno yasiyokwisha. Mdomo ule! Angeweza kuzungumza kutoka Mazwi mpaka shambani na kurudi bila kumeza mate, upepo unampiga usoni na bado anasema. Alinichosha kuliko masomo. Lakini pilau ya mama yake ilikuwa na nyama, na mimi nilikuwa na njaa ya mwanafunzi, kwa hiyo tulidumu.

Utafiti wetu ulikuwa juu ya intumba. Kwa asiyezaliwa kwetu: mvua zikiwa bado zinanyesha na udongo ukiwa laini, mkulima anafyeka majani, anayalundika kwa mviringo, kisha anapindua udongo pamoja na nyasi zake na kuyafunika. Kinabaki kilima cha kimo cha goti. Shamba zima linajaa vilima hivyo, na majani yanaozea ndani kiangazi chote. Mvua mpya zikianza, vinasambazwa, na ulezi unamwagwa juu ya udongo uliogeuka mweusi. Mabibi zetu wamelima hivyo kabla hakujawa na duka la mbolea, na sisi tulitaka kupima kama kweli udongo unanenepa, na kwa kiasi gani, ili siku moja mtu asimame mbele ya wataalamu aliseme jambo hili kwa lugha wanayoiheshimu. Dokta aliupenda utafiti wetu kuliko wa wengine wote. Alikuwa akitufungulia ofisi yake, anatumiminia chai ya chupa, anatusogezea karanga, na kusema kwamba tawi letu la chuo, ambalo makao makuu walikuwa hawalikumbuki mpaka mishahara ichelewe, litajulikana kwa sababu ya intumba.

Shamba lilikuwa la Mama Skola, kwenye kijiji kilicho nje kidogo ya mji, kando ya barabara. Alikuwa mama mwembamba, anaishi peke yake, mpole wa kukera. Mwezi wa tatu tulijenga vilima pamoja naye na wanafunzi wenzetu, na Maulidi alitokwa na malengelenge mikono yote miwili na akayatangaza chuo kizima. Nguvu za Mama Skola kwa mwaka zilitosha shamba moja tu, na mwaka ule zote zilikwenda pale. Ulezi ambao ungemwagwa pale mvua zikirudi ndio ungekuwa unga wake wa mwaka unaofuata, hakuwa na shamba jingine, na hilo alituambia siku ya kwanza tulipokwenda kumwomba. Intumba hazijengwi kiangazi. Udongo unakuwa mgumu, majani yamekauka na hayaozi, kwa hiyo ukipoteza ulizojenga mwezi wa tatu umepoteza mpaka mwaka upite. Tulimwambia tunaelewa. Tulikuwa tunaelewa kweli. Dokta naye alikuja, akaagiza kila fungu la vilima liwekewe vigingi, na kila kigingi kifungwe utepe mwekundu ili vionekane vizuri kwenye picha, na utepe alikuja nao mwenyewe mfukoni.

Kongamano lilipangwa mwezi wa nane. Siku ya kwanza ukumbini, mada na mijadala, siku ya pili wageni kwenda shambani kwa Mama Skola kuziona intumba kwa macho. Ikaundwa kamati ya maandalizi. Mpaka leo nikisikia neno kamati ya maandalizi naanza kujisikia vibaya. Kamati ilikaa wiki nzima kujadili rangi ya fulana. Ilikaa tena kujadili kama mgeni rasmi anakunywa soda au maji, na akinywa maji ni ya ukubwa gani. Mimi na Maulidi tuliitwa mara moja tu, tukaulizwa jambo moja tu, kama shambani kuna mahali pa wageni kuegesha magari. Tukasema kuna pori la jirani pembeni, halilimwi, likifyekwa linatosha. Wakaandika. Afisa majengo wa chuo, mtu mgeni mkoani, aliyekuwa bado anashangaa kwamba Tanzania ina baridi, akasema niachieni mimi.

Siku moja kabla ya kongamano tulikwenda shambani kukagua vigingi. Maulidi alikuwa anasimulia habari za mpira, na alipofika kona ya mwisho akanyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kulikonishtua, kabla hata sijaona. Shamba lilikuwa limesawazishwa. Hapakuwa na kilima hata kimoja. Udongo ulikuwa tambarare, umeshindiliwa, una alama za matairi makubwa ya greda, na pembeni pori la jirani lilikuwa limesimama na magugu yake, halijaguswa. Dereva wa greda alikuwa ameambiwa asawazishe eneo la maegesho kando ya barabara. Amefika, ameona pori, na kando yake ameona eneo lenye vigingi vya utepe mwekundu. Sasa wewe niambie, dereva wa greda akiona utepe mwekundu anafanya nini? Miaka yote ya kazi yake utepe mwekundu maana yake ni hapa, chonga. Baadaye tulisikia kwamba alisita. Alimpigia simu afisa majengo akamwambia, mkuu, mbona naona kama makaburi. Afisa majengo akamjibu hapo hakuna makaburi, ni vichuguu tu, sawazisha.

Mama Skola alikuwa katikati ya shamba, ameinama, anakusanya majani yaliyooza nusu na kuyarundika kwa mikono, na upepo wa mwezi wa nane unayachukua anapoyaweka. Ule unga mweusi tuliousubiri toka mwezi wa tatu ulikuwa unapaa kuelekea barabarani. Nilimwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba vizuri kabisa, akaninyooshea mkono wenye udongo. Nilitaka alie au atukane. Akauliza tumekula. Halafu, bila kuinua sauti, akasema, "Nilimwacha afanye, mwanangu, nikajua ni ninyi mmemtuma. Alifuata utepe wenu." Maulidi, ambaye hajawahi kukosa la kusema toka azaliwe, akachuchumaa na kuanza kusaidia kukusanya majani, na suruali yake ya Ijumaa.

Tulirudi mjini kwa kasi ambayo nisingependa wanangu waijue. Dokta alikuwa ofisini, meza imejaa vitambulisho vya wageni vya kuvaa shingoni, anavipanga kwa alfabeti. Nilimweleza nimesimama. Akavua miwani, akaifuta, na nakiri kwamba uso wake ulimshuka kweli. Kwa muda mfupi nilidhani nitapata nilichotaka. Nilichotaka kilikuwa rahisi. Chuo kilikuwa na ardhi kubwa nyuma ya mabweni, sehemu imelala miaka, udongo mzuri. Nilitaka Dokta aseme mbele ya wageni kwamba tumeharibu shamba la mama wa watu, na chuo kimpe kipande cha ardhi ile alime msimu unaokuja, basi. Dokta akarudisha miwani. Akaanza kuniita Leokadia kwa ile sauti ya taratibu. Leokadia, alisema, mgeni rasmi ameshathibitisha, makao makuu wanakuja, hili jambo tukilitoa sasa litaliua tawi. Baada ya kongamano tutakaa na mama tuyamalize. Nikamwambia baada ya kongamano hakuna atakayekumbuka hata jina lake. Akanisogezea karanga.

Nimekaa kwenye kamati nyingi tangu wakati ule. Mimi ni mkuu wa shule sasa, nimewahi kupaka mawe chokaa kwa sababu kiongozi anapita, nimewahi kuazima mapazia ya jirani, na ninajua mtu anavyobanwa akisubiri wakubwa. Watu wananiambia ukishakuwa na cheo utamwelewa Dokta. Nina cheo, na ninamwelewa vizuri sana, na bado nikikumbuka zile karanga natamani kupindua ile meza.

Kilichofuata kinazidi akili yangu mpaka leo. Kamati ilikutana kwa dharura na ikapata ufumbuzi. Kwa kuwa shamba la Mama Skola limeshakuwa tambarare, na ni zuri kwa maegesho, basi magari yataegeshwa hapo. Na kwa kuwa pori la jirani limebaki, basi lifyekwe, na intumba zijengwe humo mchana uleule, ili wageni waone. Yaani wakabadilishana! Vijana wa kijijini waliitwa, wanafunzi tukapelekwa na gari la chuo, tukapiga jembe kwenye udongo mkavu unaorudisha jembe usoni. Tulifukia majani ya njano yaliyokuwa yanalia kama karatasi, tukafunika, kisha afisa majengo akaleta gari la maji, vilima vikamwagiwa ili viwe vyeusi. Kwa mbali, niseme ukweli, vilipendeza. Afisa majengo alisimama mikono kiunoni akasema vimependeza kuliko vile vya kwanza, vile vilikuwa vimekaa shaghalabaghala. Maulidi alinishika mkono wa sweta, maana alijua ninavyoanza. Vigingi vikachomekwa upya, na utepe uleule ukafungwa.

Ukumbini, siku ya kwanza, sina mengi ya kusimulia kwa sababu hakukuwa na mengi. Tulifika asubuhi na fulana za kijani zilizotubana, tukakaa chini ya bango lenye neno uendelevu, kila meza ina chupa za plastiki za maji zisizo na idadi. Mgeni rasmi alichelewa. Mshereheshaji akatuchezesha, akatuimbisha, akatutaka tusalimiane na mtu wa kulia na wa kushoto, tukasalimiana mpaka tukachokana. Mgeni alipofika tukasimama, tukakaa, tukatambulishwa meza kuu mtu mmoja mmoja, kisha waliotambulishwa wakatambulisha walioambatana nao. Kila mzungumzaji alianza kwa kusema kwamba kwa kuwa itifaki imezingatiwa yeye hatarudia, halafu akarudia. Muda wa chakula ukafika mwanafunzi hajafungua mdomo. Baada ya wali na kuku, wenzetu waliotafiti majiko banifu walipewa muda ambao haukutosha hata kuwasha projekta, na sisi tukaambiwa tusihangaike na slaidi, tutazungumza kesho shambani. Nyuma yangu wageni wawili walikuwa wanaulizana kwa sauti ya chini kama ni kweli migebuka, wale samaki wa ziwani, huku ni ya bei nafuu, na kama gari la kurudi litapita sokoni.

Jioni ile nilimfuata Mama Skola kwake. Alikuwa anakoroga togwa ya wageni, wageni ambao magari yao yangeegeshwa juu ya chakula chake, na kwenye kamba ameanika kitenge chake kizuri cha kanisani kwa ajili ya kesho. Nilimwambia mama, kesho utapewa kipaza sauti, utakuwa mwakilishi wa wakulima. Sema. Sema shamba lako lile pale, limeegeshwa magari, na ulezi huna. Ukisema wewe hawawezi kukunyamazisha. Akakoroga, akaonja, akaongeza unga. Akasema, "Nitasema, mwanangu." Nikalala na sweta langu, kwa mara ya kwanza wiki ile nikalala usingizi.

Kesho yake magari yalikuja kwa foleni, taa zinawaka mchana kweupe, yakapanda moja moja kwenye shamba la Mama Skola na kujipanga kwa mstari. Wageni wakapita kwenye pori lililofyekwa, wakakaa chini ya turubai, wakapewa togwa, wakaisifu. Mama Skola akaitwa. Alisimama na kitenge chake, akakishika kipaza sauti kwa mikono yote miwili. Akamshukuru mgeni rasmi kwa kufika. Akamshukuru Dokta. Akawashukuru wanafunzi, wanangu hawa, Mungu awabariki. Akaishukuru kamati, akamshukuru afisa majengo kwa jina, na alipomaliza wote akakumbuka akarudi akamshukuru na dereva wa greda kwa kazi ngumu. Kisha akakaa. Makofi yakapigwa. Nilitaka ardhi inimeze, au imeze turubai lote na waliomo. Hasira niliyokuwa nayo kwa Dokta ikahamia kwake yote, na nilipopita karibu yake kwenda mbele nikamnong'oneza kwamba mama, umefanya nini sasa. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Kwani wewe," akasema polepole, "mgeni akiwa kwako, chakula bado kiko mkononi, unaanza kumdai?"

Ikafika zamu yangu kueleza intumba. Dokta alikuwa amenielekeza nieleze kwa maneno tu, nisifungue kilima. Nikaanza, na sijui nilisema nini, maana mgeni rasmi alikuwa ameshachoka kukaa. Akainuka, akavua koti akampa msaidizi wake, akaomba jembe. Wakubwa wetu wanapenda jembe kukiwa na kamera. Wapiga picha wakamzunguka, akachagua kilima kilichonona, akakita, akavuta. Majani yakatoka makavu, ya njano, marefu, kama yalivyoingia, na katikati yake chupa ya maji ambayo kijana mmoja alikuwa ameifukia ili asiulizwe kwa nini ametupa taka. Akayaokota, akayanusa, akaniangalia. Akauliza, kwa upole tu, kama mtu anayetaka kujifunza, hii ndiyo mbolea yenyewe. Dokta akawahi. Mheshimiwa, akasema, hii ni hatua ya kwanza, tumeona tuioneshe hatua ya kwanza ili wageni wafuatilie ujenzi wake tangu mwanzo. Na watu, jamani, wakaanza kupiga makofi. Wakaridhika! Hatua ya kwanza, mtu akarudia nyuma yangu, huku anaandika.

Basi nikasema. Sikuwa nimepanga, na sikuinua sauti, Maulidi ananishuhudia. Nilisema, "Mheshimiwa, hiki tumekijenga juzi. Vya mwezi wa tatu viko pale. Mmeegesha magari juu yake." Nikanyoosha mkono. Turubai zima likageuza shingo kuyatazama magari, yamejipanga, yanang'aa, na madereva wamefungua milango wanakula sambusa. Nikaendelea kwa sababu nilishaharibu. Nikasema shamba lile ni la mama aliyewashukuru sasa hivi, ndilo lilikuwa unga wake wa mwakani, na chuo kina ardhi iliyolala. Dokta alikuwa anatazama viatu vyake. Mama Skola alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya kitenge kwa aibu, aibu niliyomletea mimi, mbele ya wageni wake.

Mgeni rasmi akacheka kicheko kikubwa, akasema binti huyu atafika mbali. Akatoa agizo. Aliagiza palepale, mbele ya kamera, kwamba chuo kimpatie mama huyu eneo la kulima kabla mvua hazijanyesha, na ofisi yake mwenyewe ipewe taarifa ya utekelezaji. Makofi ya safari hii yalitikisa turubai. Maulidi alinirukia kama tumefunga goli. Mimi mwenyewe, mjinga, nililia kwa furaha, nikamkumbatia Mama Skola, ambaye aliendelea kusema haya mwanangu, haya, yaishe, wageni wapate chakula.

Sasa msoma wasifu angeishia hapo. Agizo lilitoka, naam. Mwezi wa tisa tulikwenda kwa afisa majengo, akasema eneo limetengwa bado kupimwa. Tukarudi, akasema limepimwa bado kuidhinishwa. Tukarudi, yuko safari. Dokta alikuwa hanisemeshi zaidi ya salamu, lakini nilimfuata mpaka darasani, akaniambia agizo la mgeni rasmi lina taratibu zake, haliwezi kutekelezwa kienyeji. Nilimuuliza greda ilikuwa na taratibu gani. Akafunga daftari, akatoka. Baadaye nilisikia kwamba ardhi ile nyuma ya mabweni waligawana wafanyakazi wakapanda mahindi, kila mwaka walikuwa wanagawana, kumbe haikuwa imelala sana kama nilivyodhani. Tulipigwa kalenda mpaka mawingu yakatanda Ufipa, na mvua ya kwanza ikanyesha siku tuliyokuwa tumekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya afisa majengo, tunaisikia kwenye bati.

Mama Skola hakusubiri mtu. Tulipofika kwake alikuwa ameshaanza kulima palepale maegeshoni. Tulilima naye, mimi, Maulidi na wenzetu wachache waliokuwa bado wanatusikiliza, kwenye ardhi ngumu kama sakafu, na Maulidi akavunja mpini. Ulezi ukamwagwa. Ukaota vizuri kwenye kingo, kule magari hayakufika, na katikati ukaota mfupi, wa njano, unaonekana umejilazimisha. Tulikuwa na vipimo vyetu bado, tukapima, kwa sababu utafiti lazima ukamilike. Dokta alitupa alama za juu. Aliandika pembeni kwamba matokeo yanavutia.

Baada ya mavuno, tulipokuwa tunamaliza mitihani ya mwisho, Mama Skola alituma ujumbe twende tukale. Jiko lake lilikuwa jembamba, lina moshi, tulikaa kwenye vigoda magoti yamegusana. Mavuno yake yote yalikuwa kwenye kona, gunia ambalo halikujaa, limefungwa katikati na kamba kwa sababu juu lilikuwa tupu. Alikuwa amesaga kutoka humo humo. Aliweka mbele yetu ugali wa ulezi, mweusi, unatoa mvuke, na bakuli la maharage, akatunawisha mikono mmoja mmoja. Mimi sikukata tonge. Nilianza kuzungumza. Nilimwambia nitarudi tena kwa afisa majengo, nitakwenda makao makuu, na kwamba nimesikia chuo kinaandaa kongamano jingine, kubwa zaidi, na safari hii nitahakikisha. Maulidi alikuwa ameinamia tonge lake. Mama Skola alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akakata ugali upande wake na kuusogeza kwangu. "Kula, mwanangu," akasema. "Ila mwakani, nakuomba, usiniletee wageni."